Donatus Amehesabu Mabati

Shinyanga,
9 Machi 1953

Baba Limi,

Shikamoo. Limi hajambo, mvua imekuwa ya kutosha, na mimi mwili mzima. Salamu zilizobaki zitangoja, maana leo nina hasira na sina mpango wa kuifunika.

Jana Jumapili natoka kanisani, hata kitambaa cha kichwa sijavua, namkuta Donatus uani kwangu. Unamjua vizuri, yule aliyekuwa karani wa mnada wa ng'ombe, siku hizi anakopesha watu fedha na kutembea na mwavuli hata kiangazi. Alikuwa anahesabu mabati. Ananyoosha kidole, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa paa, kisha anaandika kwenye kidaftari. Akaingia chumba cha Mwalimu Valerian, mpangaji wetu, akaugonga ukuta kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji. Nikamuuliza, Bwana Donatus, umepotelewa na nini humu? Akatabasamu. "Kumbe mzee hajakwambia, Mama Limi. Nyumba hii inawekwa rahani kwangu. Nimekuja kuiona kabla sijatoa fedha."

Mwalimu Valerian alisikia. Mkewe alisikia. Limi alisikia, akaniuliza rahani ni mtu gani. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijasikia, mimi niliyeolewa nawe miaka tisa.

Kiwanja ulinunua wewe na mabati ulinunua wewe, sikatai. Lakini udongo wa tofali nani aliukanyaga? Nilikuwa na mimba ya Limi, natoka zamu ya usiku hospitali ya Kolandoto, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu, nafika hapa naingia kwenye udongo mpaka magotini. Wanawake wa mtaa walisema nitazaa tofali. Leo mwanamume mwenye mwavuli anakuja kuniambia nyumba ni mali ya kukaguliwa.

Nataka majibu ya maswali mawili tu. Una deni gani huko Geita, na mimi nimekukosea nini hata nilisikie kwa Donatus?

Mama Limi

*

Geita,
21 Machi 1953

Mama Limi,

Marahaba. Barua yako imefika na lori la Mwanza, nimeisoma mara mbili. Donatus amekosa adabu. Nilimwambia asije mpaka niandike, na nilikuwa naandika.

Deni lipo. Ni kwa maduka matatu hapa karibu na mgodi: la nguo, la unga na sukari, na la yule anayeuza baiskeli na majiko. Usiulize limeanzaje, mambo ya kazini ni marefu. Shida yangu si ukubwa wake, ni kwamba wadai ni watatu. Siku ya mshahara wananingoja langoni, kila mmoja anataka chake, na wenzangu wa zamu wanaangalia. Nikimpunguzia huyu, yule anatishia kunishtaki barazani. Nabaki na fedha ya sabuni.

Donatus atawalipa wote watatu siku moja, nami nitadaiwa na mtu mmoja, kwa utaratibu, nikilipa kidogo kidogo. Deni moja lina adabu kuliko madeni matatu. Karatasi ya nyumba atakaa nayo mwaka mmoja tu, kisha inarudi sandukuni. Hakuna atakayehama. Wewe utapika jikoni mwako kama kawaida, hata hutajua kama kuna kilichobadilika.

Ng'ombe ungesema niuze, ningeuza. Lakini unajua sina hata mmoja. Wote tisa niliwapeleka kwa baba yako siku nilipokutaka, na sijajuta.

Niachie hili. Ni mambo ya wanaume, na mwanamume ni mimi.

Baba Limi

*

Shinyanga,
2 Aprili 1953

Baba Limi,

Shikamoo. Nimekuachia kwa siku tatu, nikashindwa.

Nilikwenda kwa Donatus mwenyewe nikamwambia, nipe hiyo karatasi nimtumie mume wangu atie sahihi. Alifurahi sana. Hakujua kwamba masista walinifundisha kusoma kabla hawajanifundisha kufunga kitovu cha mtoto. Nimeisoma barazani kwake akiwa anakunywa chai, kisha nimeileta nyumbani nikaisoma tena na Mwalimu Valerian.

Makoye, neno rahani halimo. Imeandikwa, "Mimi Makoye nimemuuzia Donatus nyumba yangu ya vyumba vinne kwa shilingi elfu moja." Nimemuuzia. Chini yake, kwa herufi ndogo, ndiyo inasema ukimletea elfu moja na mia nne kabla ya mwisho wa Mei mwakani atakurudishia. Ukichelewa hata siku moja, basi, ni yake na milango yake. Na katika mwaka huo kodi ya Mwalimu Valerian inakwenda kwa Donatus, na sisi wenyewe tunamlipa kodi ya vyumba tunavyolala. Unaona? Unatoka kwa wenye maduka watatu unaingia kwa mwenye nyumba mmoja, na udongo wa nyumba yenyewe ulikanyagwa na mkeo.

Unasema utalipa kidogo kidogo. Kwa mshahara upi? Huo unaobakiza fedha ya sabuni? Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe matanga umeyaandaa hapa kwangu, harusi sijui ililiwa wapi.

Na hilo ndilo nakuuliza sasa. Shilingi elfu moja mtu mmoja hawezi kuzila. Pombe hunywi, karata huchezi, nguo zako nazifua mimi ukija likizo na nazijua, zina viraka. Unga, sukari, nguo, majiko. Hayo ni matumizi ya nyumba, Makoye. Kama kuna jiko lingine huko Geita na mwanamke anayepuliza moto wake, niambie kwa jina lake. Usimvishe huyo kisha ukanivua mimi paa.

Karatasi ninayo mimi. Situmi.

Scolastika

*

Geita,
14 Aprili 1953

Scolastika,

Sina mwanamke. Sitarudia kusema.

Kuna mtu nimemwahidi kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu, na mimi nikiahidi nimeahidi. Nilidhani mke wa miaka tisa angeniamini kwa mwaka mmoja.

Kiwanja kina jina langu. Donatus anazo karatasi nyingine, hiyo yako kaa nayo ufungie vitumbua. Mwisho wa Juni nitaomba ruhusa ya siku nne nije kutia sahihi mbele ya mashahidi, maana mmoja wa hawa wa maduka amekwisha kunipeleka kwa karani wa baraza. Mimi ndiye niliyetia kidole kuwa mdhamini, na mdhamini hana pa kukimbilia.

Msalimie Limi.

Makoye

*

Shinyanga,
22 Aprili 1953

Ndugu yangu Januari,

Baba hajambo, mguu umepungua maumivu. Philomena nilimwona sokoni, anashona mito ya nyumba yenu tayari, na kwao wanangoja mavuno tu ndipo baba apeleke ng'ombe. Tangu mama afariki sijawahi kukuomba kitu, leo nakuomba.

Mko Geita wote wawili, wewe na shemeji yako. Makoye amekuwa mdhamini wa mtu na hataki kumtaja. Deni limekuwa kubwa hata anataka kumuuzia Donatus nyumba, na Donatus amekwisha kuja kuhesabu mabati. Mimi nadhani ni mwanamke. Nenda kwenye hayo maduka, la nguo, la unga na la baiskeli, uulize ni nani aliyechukua vitu kwa jina la Makoye. Fanya taratibu asijue. Wewe ni damu yangu, hutanificha kitu.

Dada yako,
Scolastika

*

Geita,
3 Mei 1953

Dada,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Sikwenda madukani. Wananijua. Vitu nilichukua mimi.

Mwaka jana niliacha kazi ya mgodini nikafungua hoteli karibu na kambi ya wafanyakazi. Sikuandika nyumbani, nilitaka nije na fedha za harusi mkononi mje mshangae. Unga, sukari, majiko, vikombe, vitambaa vya meza, vyote kwa mkopo, na wenye maduka walitaka mdhamini. Shemeji aliweka kidole. Chai ilinywewa, dada, sikuwa mvivu. Ila watu walikuwa wanakula kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi, halafu mikataba ya wengi ikaisha siku moja, wakapanda malori kurudi kwao Kigoma na Biharamulo. Daftari langu limejaa majina ya watu ambao siwezi hata kuwafuata.

Nilimpigia shemeji magoti asikwambie. Nilisema baba akijua hatanitolea ng'ombe, na Philomena ataolewa na mwingine. Akasema mama yetu kabla hajafa alimwachia mimi mkononi, kwa hiyo atanyamaza na atalipa. Ni miezi minane sasa analipa. Hata chakula cha mchana hali.

Nisamehe. Usimwambie baba.

Mdogo wako,
Januari

*

Shinyanga,
12 Mei 1953

Januari,

Shikamoo zako mbili sijaziitikia. Ziache huko ziningoje.

Unaomba nisimwambie baba. Umemwomba Makoye asiniambie mimi. Mmekaa huko wanaume wawili mkafungiana siri, na kila mlipokosa mahali pa kuiweka mkaona nyumba yangu ina nafasi. Hakuna kati yenu aliyefikiri kwamba aibu yako inaweza kukaa juu ya kichwa chako mwenyewe.

Ng'ombe unaowangoja kwa baba ni wa nani? Ni wangu. Makoye aliwatoa ili mimi nitoke kwetu, na desturi ikasema watakaa bomani wakuolee wewe mke. Sikunung'unika, ndivyo ilivyo kwa kila dada. Lakini wewe harusi yako umekwisha kuila, umeila kwa vikombe na vitambaa vya meza. Huwezi kuila mara ya pili.

Nina siku mbili za mapumziko wiki ijayo. Nakwenda kwa baba.

Scolastika

*

Geita,
8 Juni 1953

Scolastika,

Kaka yangu Mageni ameniandikia kutoka nyumbani. Anasema ng'ombe wa mahari wametoka bomani kwa baba yako, wamepita njia kuu mchana kweupe, na nyuma yao ulikuwa wewe na fimbo. Watu walisimama mashambani kutazama. Kwetu, ng'ombe wa mahari wakitoka kwa mkwe hakuna anayeuliza sababu. Ndoa imekwisha. Mama yangu hajala siku mbili. Anauliza kama Limi sasa atahesabiwa mtoto wa kwa baba yako, kwa kuwa ng'ombe wakirudi na mtoto hutoka katika ukoo wetu.

Tena Mageni anasema hawakufika kwetu. Walikwenda mnadani. Basi hata talaka yangu umeiuza, sikupewa nishike mkia.

Januari amenieleza kwamba amekwambia. Kwa hiyo unajua sikuwa na mwanamke, na bado umefanya hivi. Nilifanya kosa gani? Nilimficha ndugu yako asiaibike. Nilishinda na njaa chini ya ardhi kwa ajili ya mtoto wa mama yako. Kama ungesema unataka kuniacha ningekuja tukakaa na wazee, kama watu wanavyofanya. Hukuandika hata mstari. Wiki tatu nimekwenda posta kila Jumamosi.

Sijui nikuite nani, kwa hiyo naishia hapa.

Makoye

*

Shinyanga,
19 Juni 1953

Baba Limi,

Shikamoo. Baba Limi bado ni jina lako. Sikuandika kwa sababu nilijua nikiandika utanikataza, na ukinikataza nitafanya vilevile, tuwe na kosa juu ya kosa. Sasa limekwisha, sikiliza.

Nilifika kwa baba alfajiri. Nilimweleza yote ya Januari, hoteli na daftari na wewe unavyoshinda njaa. Akasema ng'ombe ni wa Januari, atawatoa kwa wakwe wa Januari, na deni la Makoye ni la Makoye, nani alimtuma kuweka kidole. Nikamwambia, baba, alitumwa na mama. Akanyanyuka kwenda kufungulia ng'ombe kama vile sijasema.

Nikatangulia. Nikasimama katika lango la boma, mgongo kwenye miiba, nikamwambia hatoki ng'ombe hapa kwenda malishoni mpaka tuelewane. Jua likapanda. Ng'ombe walilia, ndama walilia, majirani wakaja. Baba aliinua fimbo. Nikamwambia piga, lakini mimi nimelipiwa mahari, ukinipiga umempiga mke wa Makoye na fidia utampa yeye. Wazee waliokuwepo wakamwambia ni kweli. Akaishusha. Saa nne hivi akaniambia, wachukue, na mimi usije ukanizika. Alilitamka kwa uchungu, na limenichoma, sitakudanganya. Tangu siku hiyo hajanitumia salamu.

Kati ya wale tisa wawili walikufa zamani. Saba niliwapeleka mnadani pamoja na ndama wao. Ndama mmoja tu nimemwachia, ili akiamka asubuhi asikute boma kimya kabisa. Fedha sikumpa Januari na sikukutumia wewe. Nimetuma hawala za posta tatu, moja kwa moja kwa wenye maduka, na wamejibu wote watatu kwa sahihi kwamba hawakudai tena. Stakabadhi ninazo. Dawa ya deni ni kulipa, Makoye, si kulihamisha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Donatus nimemrudishia karatasi yake. Aliuliza kama mume wangu amekubali. Nikamwambia mwavuli wake unavuja.

Philomena nimemwambia mwenyewe, sikutaka asikie njiani. Alisema afadhali amejua kabla. Sijui ana maana gani, wala sikumwuliza. Januari akitaka mke arudi mgodini akachimbe mahari yake.

Kwa lile la mwanamke nimekosa. Nilikudhania vibaya na nimekutukana, nisamehe. Nilipoambiwa kwamba ulikuwa huli mchana nililia mbele ya Mwalimu Valerian bila aibu. Lakini kwa mengine sijakosa na siombi radhi. Unaniandikia ulifanya kosa gani kama vile hulijui. Uliipima aibu ya Januari na nyumba ya mwanao, ukaona ya Januari ndiyo nzito. Ulikuwa tayari mimi na Limi tuwe wapangaji wa Donatus, ili kijana wa miaka ishirini na minne asigombezwe na baba yake. Huo unauita wema. Wema gani huo unaotolewa kwa mali ya mtu ambaye hajaulizwa? Ungeniambia mwezi wa kwanza, tungekuwa na deni la unga tu. Umeninyima hata nafasi ya kumkasirikia ndugu yangu mwenyewe.

Sasa hilo la ndoa. Wazee wa kwenu wanasema ng'ombe wakitoka imekwisha. Padri nimemwuliza, anasema haikwishi hata wakitoka tembo. Mwambie mama yako ale. Limi ni wa kwenu, na ni wangu, hilo halina mnada.

Ila kuna jambo hamjaliona, wewe na wazee. Ng'ombe hao uliwatoa wewe, ukanipata mimi. Mimi nimewatoa tena, nikaipata nyumba. Bila wao leo ni ya Donatus. Kwa hiyo nimekwenda boma la serikali kwa karani wa viwanja. Anasema jina linaweza kubadilishwa liwe langu, lakini lazima uje mwenyewe utie sahihi mbele ya afisa. Karatasi ya kubadilisha jina nimeiweka ndani ya bahasha hii, isome yote, na herufi ndogo pia. Hii haina ujanja.

Usije mwisho wa Juni, ruhusa hiyo iache. Njoo likizo ya Agosti, uwe umekula. Nakungoja na nakutaka, nisiseme uongo. Ukifika usisukume mlango kama ulivyozoea. Piga hodi, usimame nje, nami nitakukaribisha.

Mkeo,
Scolastika